Muuza Dawa Si Hakimu

Katika maduka ya dawa ya miji yetu, bomba la sindano ni bidhaa ndogo. Huuzwa bila cheti cha daktari, bei yake si kubwa, na muuzaji hulitoa katika boksi lake pasipo kufikiri sana. Mgonjwa wa kisukari hulinunua kwa ajili ya insulini yake. Mfugaji hulinunua kwa ajili ya kuwachanja ng'ombe wake. Mama anayeuguza hulinunua bila sindano yake, apate kupima dawa ya maji na kumnywesha mtoto. Hakuna hata mmoja kati yao anayeulizwa jina lake, wala anakotoka, wala sababu ya kununua.

Lakini yuko mnunuzi wa nne. Huyu amekonda, nguo zake zimechakaa, mikono yake ina makovu, na anahesabu sarafu kiganjani. Anaposogea kwenye kaunta mambo hubadilika. Yapo maduka yanayomuuzia kama yanavyowauzia wengine. Yapo yanayomwambia kuwa mabomba yamekwisha, hali boksi liko wazi nyuma ya muuzaji. Yapo yanayomdai cheti ambacho hakuna mwingine anayedaiwa. Na yapo yanayomfukuza kwa sauti kubwa, ili wateja waliopo wasikie na waridhike kwamba duka hilo ni la watu wenye heshima.

Leo tunapenda kuzungumza juu ya mnunuzi huyo wa nne, na juu ya yule anayesimama upande wa pili wa kaunta. Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji aupime wakati tunaendelea: muuza dawa anayemnyima mraibu bomba jipya hazuii dawa za kulevya. Anachozuia ni usafi peke yake, na gharama ya kuzuia usafi hulipwa na jamii nzima.

Hatusemi hivyo kwa kumdharau muuza dawa. Wengi wao hukataa kwa nia njema. Wanaijua heroini ilivyowaharibu vijana wa mitaa yao, na baadhi yao wameiona ikiingia katika nyumba za ndugu zao. Hawataki mkono wao uwemo katika uharibifu huo. Mwenye duka naye huogopa kwamba akijulikana kuwa anawauzia wale ambao mitaani huitwa mateja, watajaa mlangoni na wateja wengine watahama. Hofu hizo ni za kibinadamu, na haifai kuzicheka. Inafaa kuziuliza swali moja tu: je, kukataa kunaleta matokeo yanayokusudiwa?

Tuangalie jinsi jambo lenyewe linavyokwenda. Mraibu wa heroini hanunui bomba kwanza ndipo akatafute unga. Anapofika dukani, mara nyingi kete anayo mfukoni au anajua atakapoipata. Mwili wake umekwisha kuanza kudai. Anatoka jasho, mifupa inauma, tumbo linasokota, na kwa saa kadhaa hana fikra nyingine ila kuiondoa hali hiyo ambayo wenyewe huiita arosto. Mtu aliye katika hali hiyo akiambiwa hakuna bomba, harudi nyumbani kutubu. Anakwenda maskani na kuazima la mwenzake, au anaokota lililotupwa chini ya ukuta. Atajidunga siku ile ile. Tofauti iliyopo ni kwamba sasa atajidunga na damu ya mtu mwingine.

Na damu hiyo ni nyingi kuliko mtu anavyodhani. Katika bomba la kawaida ambalo sindano yake hutoka, huwa pana nafasi ndogo kati ya bomba na sindano, na nafasi hiyo hubaki na majimaji hata baada ya kusukumwa mpaka mwisho. Humo ndimo virusi hujificha. Uchunguzi wa maabara umeonyesha kuwa Virusi vya UKIMWI vinaweza kubaki hai ndani ya bomba kwa siku kadhaa, na penye ubaridi hata kufikia wiki 6. Virusi vya homa ya ini aina ya C vimeonekana kustahimili hadi siku 63. Kusuuza kwa maji ya kopo, kama wafanyavyo wengi, hakutoshi kuvimaliza. Kwa upande mwingine, bomba dogo la insulini la mililita 1, ambalo sindano yake imeshikamana nalo, hubakiza damu kidogo mno. Mfamasia anayejua kazi yake anaujua ukweli huo, na ujuzi wa namna hii ndio unaomtofautisha na mchuuzi wa kawaida.

Tukumbuke pia jambo hili lilivyoanza kwetu. Heroini ilifika katika pwani yetu miaka mingi iliyopita, na mwanzoni wengi waliivuta kwa moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulienea unga mweupe, ambao huyeyuka upesi katika maji, na kujidunga kukaenea pamoja nao. Tafiti zilizofanywa Dar es Salaam katika miaka ya 2000 zilikuta Virusi vya UKIMWI katika watu 4 hivi kati ya kila 10 waliokuwa wakijidunga, na hali ya wanawake ilikuwa mbaya zaidi kuliko ya wanaume. Zanzibar, ambako maambukizo katika watu wazima kwa jumla hayafiki hata mtu 1 katika 100 au yanakaribia hapo, uchunguzi wa mwaka 2007 ulikuta watu 16 katika kila 100 wanaojidunga wana virusi. Watu hao si kisiwa. Wana wake, wana waume, wana watoto, na baadhi yao huuza miili yao kwa watu ambao hawajapata kuuona unga kwa macho. Ugonjwa unaopita katika sindano leo utapita kitandani kesho, na keshokutwa utafika katika wodi ya wazazi.

Mambo haya hayakuanza kwetu, na wapo waliotutangulia katika kosa tunalolizungumzia. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa mji wa Edinburgh, katika nchi ya Uskoti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 heroini ilienea kwa ghafla katika mitaa ya watu wa kipato kidogo ya mji huo. Wakuu waliamua kukaza uzi. Polisi waliwanyang'anya waraibu mabomba waliyokutwa nayo, na duka la vifaa vya tiba lililokuwa likiwauzia likaacha kufanya hivyo. Mwaka 1982 chama cha wafamasia cha Uingereza kikawashauri wanachama wake wauze mabomba kwa wenye haja ya tiba peke yao. Kila mmoja aliamini kuwa anatimiza wajibu wake. Matokeo yakawa kwamba bomba moja lilizunguka chumbani kutoka mkono hadi mkono mpaka sindano ikawa butu.

Mwaka 1986 daktari Roy Robertson na wenzake, waliokuwa wakitibu wananchi wa mtaa wa Muirhouse mjini humo, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao. Kati ya wagonjwa wao 164 waliokuwa wakijidunga heroini, asilimia 51 walikuwa wamekwisha kuambukizwa Virusi vya UKIMWI. Katika mji wa Glasgow, ambao hauko mbali na ambao nao ulikuwa na heroini tele, lakini mabomba yalipatikana kwa urahisi zaidi, kiwango cha maambukizo kilikuwa kidogo sana. Mwaka huo huo kamati iliyoongozwa na daktari McClelland iliishauri serikali kwamba waraibu wapatiwe mabomba safi, na chama cha wafamasia nacho kikaubadilisha ushauri wake wa awali. Lakini kwa mamia ya vijana wa Edinburgh mabadiliko hayo yalikuja wamekwisha kuchelewa. Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wenzetu wale walijenga ukuta, na matofali yake yalikuwa ni makaburi.

Mfano wa pili unatoka Marekani, nao unaonyesha upande wa pili wa jambo, yaani linalotokea mlango unapofunguliwa. Katika jimbo la Connecticut sheria ilikataza bomba kuuzwa pasipo cheti cha daktari. Mwaka 1992 sheria hiyo ilibadilishwa, na mtu akaruhusiwa kununua hadi mabomba 10 kwa mara moja bila cheti, na kuwa nayo bila kuhesabiwa mkosaji. Wachunguzi waliwahoji waraibu kabla ya mabadiliko na baada yake. Waliosema kuwa walishirikiana mabomba walipungua kutoka 52 katika kila 100 hadi 31. Walionunua katika maduka ya dawa waliongezeka kutoka 19 hadi 78 katika kila 100, na walionunua vichochoroni walipungua kutoka 74 hadi 28. Hata askari polisi walinufaika. Katika mji wa Hartford, katika miezi 6 kabla ya sheria mpya, askari 6 walichomwa na sindano walipokuwa wakiwakamata watuhumiwa wa dawa za kulevya. Katika miezi 6 iliyofuata walichomwa 2 tu, ingawa idadi ya waliokamatwa ilikuwa karibu sawa. Sababu yake haina fumbo: mtu asiyekuwa na sababu ya kuficha sindano hana sababu ya kukaa kimya askari anapoingiza mkono mfukoni mwake.

Sasa turudi nyumbani, tuyajibu maswali ambayo mtumishi wa umma au mwalimu mwenye busara hana budi kuyauliza.

Swali la kwanza ni hili: je, kumwuzia mraibu bomba si kumtia moyo aendelee? Tunajibu kwamba hakuna kijana aliyeanza heroini kwa sababu aliona mabomba yakiuzwa kwa rahisi. Huanza kwa sababu ya rafiki, kwa sababu ya kukosa kazi, kwa kudanganywa, na kwa sababu yuko mtu aliyeuleta unga mpaka mlangoni pake. Huyo aliyeuleta ndiye adui, na sheria ya mwaka 2015 ya kupambana na dawa za kulevya ikamwekea adhabu kali inayofikia kifungo cha maisha. Tunaunga mkono ukali huo bila kusita. Lakini ukali unaomstahili tajiri wa unga ukigeuzwa na kumwangukia mgonjwa anayetafuta bomba, tutakuwa tunampiga aliyekwisha kuanguka huku tukimwacha aliyemwangusha akipita na gari lake.

Swali la pili wanaliuliza walimu, na wana haki ya kuliuliza: vipi kuhusu sindano zinazotupwa ovyo, ambazo mtoto anaweza kuzikanyaga akiwa njiani kwenda shule, au kuzikuta kando ya uwanja wa mpira? Hatari hiyo ni ya kweli. Lakini ielekezwe panapostahili. Sindano hutupwa vichakani kwa sababu mwenye nayo anaogopa kukutwa nayo, na kwa sababu hakuna mahali alipoonyeshwa pa kuirudisha. Duka linalouza bomba haliwezi kusema kwamba kazi yake imekwisha pindi fedha inapoingia katika droo. Lingeweka kisanduku cha usalama pembeni, kile cha karatasi ngumu ya njano kinachotumika katika zahanati zetu, na kupokea zilizotumika bila maswali. Halmashauri nayo, kupitia kwa maofisa wake wa afya, ingevikusanya visanduku hivyo na kuvipeleka kwenye tanuri la hospitali, kama inavyofanya kwa taka za chanjo. Mwalimu naye angewafundisha watoto jambo dogo lenye kuokoa maisha: ukiiona sindano usiiguse, mwite mtu mzima.

Swali la tatu ni la haki: kwa nini tumhangaikie mtu aliyejitakia mwenyewe? Hapa tunaomba wasomaji wetu wakumbuke kwamba taifa hili tangu mwanzo liliyahesabu maradhi kuwa ni adui, pamoja na ujinga na umaskini, wala halikumhesabu mgonjwa kuwa adui. Daktari hamwulizi mvuta sigara aliyepata saratani kama anastahili dawa. Tena, hata asiyejali hatima ya mraibu huyo angalau ajali hatima ya mtoto atakayezaliwa na mke wake.

Haifai kusema kwamba bomba jipya hutatua kila kitu. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kwamba hapa Dar es Salaam walikuwapo wanawake waliofanya jambo la kutisha. Aliyejidunga alivuta damu yake mwenyewe katika bomba na kumpa mwenzake asiyekuwa na fedha ajidunge, kwa imani kwamba imebaki heroini ya kutosha kumtuliza. Mabomba yangekuwa tele kiasi gani, yasingezuia tendo hilo, kwa kuwa lilitokana na ufukara, na kwa kutojua. Linahitaji maneno, na linahitaji tiba.

Tiba nayo ipo. Mwezi Februari mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwatibu waraibu kwa methadoni, dawa ya kunywa mara moja kwa siku mbele ya mhudumu, nayo huiondoa arosto bila kulewesha kama unga. Hospitali za Mwananyamala na Temeke zikafuata, na baadaye huduma hiyo ikafika Zanzibar, Dodoma, Mbeya, Mwanza na kwingineko. Watu waliokuwa wakilala vibarazani wamerudi kwa wazazi wao na kushika kazi. Lakini mraibu haamki siku moja akajikuta katika foleni ya methadoni. Ni lazima awepo mtu wa kumwelekeza, na mtu huyo lazima awe mtu anayeonana naye mara kwa mara bila kuogopa.

Ni nani anayeonana naye hivyo? Daktari haonani naye, maana mraibu haendi hospitali mpaka abebwe. Mwalimu alikwisha kupoteana naye zamani. Wazazi wamemfungia mlango. Askari anamkimbia. Anayebaki ni muuza dawa. Yeye peke yake, katika watu wote wenye elimu ya afya, hutembelewa na mtu huyu kwa hiari yake mwenyewe, pengine kila siku. Akimfukuza, uzi wa mwisho unaomfunga mtu huyo na jamii umekatika. Akimuuzia kwa heshima, akamtaja kwa neno "ndugu", na siku moja akamwambia mahali methadoni inapotolewa, amefanya kazi ambayo mikutano mingi haijaifanya. Katika jimbo la New York, ambako maduka ya dawa yaliruhusiwa kuuza mabomba bila cheti kuanzia mwaka 2001, kila mnunuzi alipaswa kupewa karatasi ya maelezo ya usalama pamoja na bomba lake. Karatasi kama hiyo kwa Kiswahili chepesi haitazidi ukurasa mmoja.

Hivyo tunatoa mapendekezo yafuatayo. Kwanza, Baraza la Famasi lihakikishe kwamba mwongozo ulio wazi unafika kwenye kila kaunta, ukimwambia muuzaji bila kuzungushazungusha kuwa bomba liuzwe kwa mtu mzima yeyote anayelihitaji, kwa bei ile ile, bila cheti, bila kuandika jina, na bila matusi. Jambo hili lisiachwe kwa hisia za kila muuzaji, kwa sababu hisia hubadilika kutoka duka hadi duka, na aliye mgonjwa hawezi kuzunguka mji mzima akitafuta muuzaji mwenye huruma.

Pili, wauzaji wafundishwe. Mara nyingi anayesimama kaunta si mfamasia mwenyewe bali msaidizi kijana, ambaye hajaelezwa lolote ila bei. Maduka ya dawa muhimu yalipoanza katika mkoa wa Ruvuma mwaka 2003, yalidhihirisha kwamba mtoa dawa wa kawaida akifundishwa na kusimamiwa anaweza kuinua sana ubora wa huduma yake. Somo la bomba la sindano si gumu kuliko masomo aliyokwisha kufundishwa.

Tatu, polisi waliache duka la dawa liwe mahali pa dawa. Askari akisimama karibu na duka ili kumkamata kila anayetoka na bomba, ataua kwa siku moja kazi ya mwaka mzima. Wamfuate muuza unga. Njia zake wanazijua.

Nne, na hili linawahusu wasomaji wetu hasa, elimu itolewe kwa wananchi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vijiji vikachimba vyoo kwa mikono yao wenyewe. Kampeni hiyo haikufaulu kwa amri. Ilifaulu kwa sababu walikuwapo walimu na watumishi waliokaa na wananchi, wakasoma pamoja nao, wakajibu maswali yao hata yale ya aibu. Suala la sindano nalo ni la aibu. Mzazi huona haya kulitaja, na kiongozi wa mtaa huona heri lisemwe na mwingine. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Mwalimu anayeweza kusimama katika mkutano wa wazazi na kueleza kwa utulivu kwa nini duka la mtaani linafanya vyema kuuza bomba kwa mraibu, atakuwa amemlinda muuza dawa dhidi ya masengenyo, na atakuwa ameulinda mtaa dhidi ya jambo baya zaidi.

Muuza dawa hakupewa leseni ili ahukumu tabia za watu. Alipewa leseni ili alinde afya yao. Hakimu yupo mahakamani, naye ana sheria zake. Kiongozi wa dini yupo, naye ana mawaidha yake. Kila mmoja afanye kazi yake mahali pake. Kazi ya kaunta ya dawa ni kuona kwamba anayeingia akiwa mgonjwa hatoki akiwa na ugonjwa wa pili, na kwamba akirudi kesho ataukuta mlango uko wazi.